Re: Babu alibatizwa Rungwe, jina la ukoo silioni

Habari mkuu, pole na msako. Umesema babu alibatizwa kanisa la Moravian Rungwe enzi za Mjerumani ila kwenye daftari la ubatizo jina la ukoo wenu halipo. Kwanza angalia herufi, J ya Kijerumani inasomwa Y, kwa hiyo Kayuni unaweza kuikuta Kajuni. Mimi nilipoteza siku nzima, kumbe babu yangu kaandikwa jina la ubatizo na la babake tu, basi, wino umefifia kabisa. Na ukikuta Neu Langenburg usishtuke, ndo Tukuyu hiyo hiyo, na Konde ndo walivyowaita Wanyakyusa. Kabla ya yote lakini kakae na bibi yeyote aliebaki, muulize babu alizikwa wapi na nani alirithi shamba, hapo majina yatamwagika yenyewe