Unaanza kuandika historia ya The Open? Shika kalamu, anza na hesabu

Kati ya mashindano manne makuu ya gofu ya kulipwa, The Open ndiyo kongwe, na kwa hiyo ndiyo inayowaangusha waandishi wapya wengi. Hawaanguki kwa kutomjua Tiger Woods. Wanaanguka kwa kuchukua namba ya mwaka mmoja na kuiweka kando ya namba ya mwaka mwingine, bila kuuliza mwaka ule watu walicheza mashimo mangapi na kwa masharti gani.

Jipime kwa hesabu hii. Mashindano yalianza 1860, na mwaka 2022 yalichezwa St Andrews, Uskoti, kwa mara ya 150. Toa 1860 kwenye 2022, ongeza 1 kwa kuwa mwaka wa kwanza nao unahesabiwa: 163. Sasa ondoa miaka ambayo hayakuchezwa. Kuna 1871, kuna mitano ya Vita Kuu ya Kwanza (1915 hadi 1919), sita ya Vita Kuu ya Pili (1940 hadi 1945), na 2020 wa korona. Jumla 13. Unabaki na 150. Kwa hiyo aliyeandika 2022 kwamba The Open "imetimiza miaka 150" alipunguza miaka 12. Kila unapotaka kuandika "kwa mara ya ngapi", rudia hesabu hii mwenyewe, usinakili kwa mwenzako.

Siku ya kwanza yenyewe ilikuwa 17 Oktoba 1860, Prestwick, pwani ya magharibi ya Uskoti. Walijitokeza wachezaji 8 tu. Uwanja ulikuwa na mashimo 12, wakauzunguka mara tatu siku hiyohiyo, yaani mashimo 36. Willie Park baba, wa Musselburgh, akamaliza kwa mikwaju 174, Tom Morris baba akamfuata kwa 176; kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Ukiiweka hiyo 174 karibu na 264 za Henrik Stenson pale Royal Troon mwaka 2016, msomaji atadhani Park alikuwa hatari zaidi. Stenson alicheza mashimo 72. Gawanya: Park alitumia wastani wa mikwaju 4.83 kwa shimo, Stenson 3.67. Hata hapo usikimbilie kusema nani bora, maana Park alikuwa akipiga mpira wa utomvu mgumu wa gutta-percha kwenye nyasi ambazo hazikuwahi kuona mashine za leo. Mpaka wa kukumbuka ni 1892, pale Muirfield, mashindano yalipopanda kutoka mashimo 36 hadi 72. Aliyeshinda mwaka huo, Harold Hilton, alikuwa mchezaji wa ridhaa.

Na hapo kuna mtego mwingine. Mwaka 1860 walicheza wa kulipwa peke yao. Mlango ulifunguliwa kwa wote, wa ridhaa wakiwemo, mwaka 1861. Jina la mashindano, yaani "wazi", linaeleza jambo lililokuja mwaka wa pili.

Tukae kidogo kwenye tuzo, kwa sababu ndiyo inayoeleza pengo la 1871. Mshindi wa mwanzo hakupewa kikombe. Alipewa mkanda mpana wa ngozi nyekundu wenye bizimu ya fedha, akakaa nao mwaka mmoja, kisha akaurudisha. Sharti lilikuwa kwamba atakayeshinda mara tatu mfululizo anauchukua moja kwa moja. Tom Morris mwana akashinda 1868, 1869 na 1870, akaenda nao nyumbani. Mwaka uliofuata hapakuwa na kitu cha kushindania, na mashindano hayakufanyika. Mwaka 1872 klabu tatu, yaani Prestwick, Royal and Ancient ya St Andrews na Honourable Company of Edinburgh Golfers, zikakubaliana kuchangia pauni 10 kila moja, zikaagiza jagi la fedha la kumiminia mvinyo. Jagi halikuwa tayari kwa wakati. Kijana Tom akashinda tena, akapewa medali. Wa kwanza kukabidhiwa jagi mkononi ni Tom Kidd, 1873, lakini jina la kwanza kuchongwa juu yake ni la Tom Morris mwana, kwa ushindi wa 1872. Ukiandika tu "mshindi wa kwanza wa jagi", hujasema kitu. Sema ni wa kukabidhiwa au wa kuchongwa. Tena, tangu 1928 bingwa anaondoka na nakala, jagi la asili linabaki St Andrews.

Majina nayo yanachanganya. Baba na mwana wote ni Tom Morris, na kila mmoja ana mataji manne: baba 1861, 1862, 1864 na 1867, mwana yale matatu pamoja na 1872. Baba ndiye bingwa mzee kuliko wote, miaka 46 aliposhinda 1867, na mwaka uliofuata mwanawe akawa bingwa mdogo kuliko wote, miaka 17. Akina Willie Park nao ni wawili, baba na mwana, na wote walishinda. Andika "baba" au "mwana" kila mara, hata kama unaona unajirudia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki unaweza kumwingiza Seve Ballesteros kwa haki kabisa: alishinda Kenya Open mwaka 1978, akashinda The Open pale Royal Lytham mwaka 1979.

Mwisho ni sare, na hapa karibu kila mgeni hukosea habari ya Jean van de Velde. Carnoustie, 1999, Mfaransa huyo alifika shimo la 18 akiongoza kwa mikwaju mitatu; mikwaju 6 kwenye shimo hilo ingemtosha kushinda. Hesabu naye. Mkwaju wa kwanza, kutoka mwanzo wa shimo. Wa pili uligonga jukwaa la watazamaji, ukadunda kwenye ukuta wa mawe wa kijito cha Barry Burn, ukatua kwenye majani marefu. Wa tatu ukazama kijitoni. Akavua viatu, akaingia majini kuutazama, kisha akakubali adhabu ya mkwaju mmoja: wa nne. Wa tano ukaishia kwenye bunka la mchanga, wa sita ukatoka, wa saba ukaingia shimoni. Usiandike kwamba alipoteza taji kwenye shimo la 18. Hapo alifungana na Paul Lawrie na Justin Leonard. Taji aliliacha kwenye mashimo manne ya kuamua mshindi, ambayo Lawrie alishinda. Na hayo manne ni ya utaratibu uliotumika mara ya kwanza 1989. Mwaka 1963 Bob Charles alilazimika kucheza mashimo 36 zaidi ili kuivunja sare, na tangu 2019 utaratibu ni mashimo matatu.