Mkesha wa Mwaka Mpya ziwani: fataki zimalizie kwenye mkataba

Dada mmoja wa Bukoba kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Kamati yetu inaandaa mkesha wa Mwaka Mpya ufukweni, na wafadhili wanataka fataki zirushwe kutoka kwenye boti, katikati ya maji. Nasikia wewe Mwanza ulifanya bila kuchafua ziwa. Uliwezaje?"

Marahaba, dada. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize hivyo, maana tangu mkesha uliopita simu inaita mfululizo na karibu wote wanataka bei tu.

Mkesha wenyewe ulikwenda hivi: dakika tano za fataki kutoka uwanja wa nchi kavu, kisha taa, kisha Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, majembe yanarushwa juu na kudakwa, watu wamepanda juu ya viti. Hakuna aliyeondoka saa sita na robo kama inavyokuwaga fataki zikiisha. Mteja kalipa yote. Nasema kwa kujisifu na sioni haya, kwa sababu wazo hilohilo miaka ya nyuma lilininyima kazi.

Wakati ule nilikuwa mshereheshaji tu kwenye hoteli moja ya ufukweni ambayo sitaitaja. Fataki zao zilirushwa kutoka kwenye boti iliyotiwa nanga mbele ya wageni, zikaenda karibu nusu saa. Alfajiri nilibaki kusubiri spika zipakiwe. Kando ya mawe maji yalikuwa na utando wa kijivu, na juu yake vinaelea vipande vya karatasi ngumu vilivyolowa, vipande vya nyuzi za utambi, na magamba ya plastiki yaliyopasuka katikati kama ndimu iliyokamuliwa. Upande wa pili mama mmoja alikuwa anaanika dagaa. Anachambua karatasi nyekundu, moja moja, anazikusanya kwenye pembe ya kanga. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza, "Hizi zenu mnazifuata saa ngapi?"

Mwenye shughuli alikuwa kalala.

Mwaka uliofuata nikapeleka pendekezo kwenye hoteli ileile: tutoke majini, tupunguze muda, tulipe watu wa kusafisha. Meneja akacheka mbele ya wafanyakazi wake, akasema nimewaletea mkesha wa msiba. Kazi akapewa mwingine, pendekezo langu la taa likatumika bila jina langu, na shilingi sikuiona. Waliokuwepo wanajua.

Tuje kwenye uchafu wenyewe, maana wafadhili watakuambia Ziwa Victoria ni kubwa. Kweli ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ila karatasi ndiyo sehemu inayoonekana tu. Rangi za fataki ni madini: nyekundu inatoka kwenye strontiamu, kijani kwenye bariamu, buluu kwenye shaba. Kinachosaidia ziwake ni perkloreti, chumvi inayoyeyuka haraka kwenye maji na ambayo ikizidi mwilini huizuia tezi ya shingo kupokea madini joto (iodini). Katika mji wa Ada, jimbo la Oklahoma, Marekani, watafiti walipima ziwa dogo kabla na baada ya fataki za Julai 4, kati ya 2004 na 2006. Ndani ya saa 14 perkloreti ilikuwa imepanda mara 24 hadi mara 1,028 ya kiwango cha kawaida, na ilichukua siku 20 hadi 80 kushuka. Ziwa letu si dogo kama lile, lakini sherehe hatuzifanyii katikati ya Victoria. Tunazifanyia kwenye vighuba, karibu na mawe, hapohapo watu wanapochota maji kwa ndoo. Maji ya bomba ya Mwanza nayo yanavutwa ziwani, sehemu yake pale Capri Point.

Halafu kuna ndege. Uholanzi waliwafuatilia kwa rada za hali ya hewa wakaona maelfu wakiruka kwa pamoja mara baada ya saa sita usiku wa Mwaka Mpya, wakapanda hadi mita 500 hivi. Mbele ya Mwanza kuna Saanane, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kimejaa mnandi na yangeyange wanaolala saa hizo.

Sasa dada, siri yangu ni moja: usibishane na mtu wa fataki usiku wa shughuli. Mmalizane kwenye mkataba. Andika kwamba hakuna kinachorushwa kutoka kwenye boti wala gati. Andika kwamba hakuna ganda la plastiki, na uombe kupasua moja mbele yake kabla hujalipa, maana boksi linaweza kuandikwa lolote. Andika dakika. Mimi niliandika tano, akaomba kumi, nikamwambia tano.

Upepo usiusahau. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo unatoka mjini kuelekea ziwani, kwa hiyo hata ukirusha kutoka ufukweni mabaki yatakwenda majini. Rudini nyuma, kwenye uwanja wa mpira au shamba lililo wazi. Kwa umbali wa watazamaji Wamarekani wana kanuni ya futi 70 kwa kila inchi ya upana wa kombora la fataki. Kombora la inchi 3 ni futi 210, kama mita 64. Mimi niliongeza zaidi, kwa ajili ya watu na kwa ajili ya maji.

Na malipo ya mwisho yafungwe kwenye usafi. Mtu wa fataki hapati salio mpaka uwanja uokotwe usiku uleule kwa tochi, na mitumbwi ipite kando ya mawe kukipambazuka, kabla upepo haujageuka kuwa wa mchana. Ukimlipa kabla, utaokota mwenyewe.

Badala ya fataki, droni za taa zinapendeza ila gharama na vibali vyake ni kazi nyingine. Taa za leza zisielekezwe angani ovyo. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko kando ya ziwa, na wenu Bukoba pia.

Ndugu zangu waandaaji, wote tunataka shughuli kubwa, jina, na mteja arudi mwakani. Sikatai, nami nataka. Lakini ukubwa wa sherehe si kishindo. Sisi tuna ngoma zinazoweza kusimamisha mji mzima, tunaziacha tunakwenda kununua moshi wa dakika thelathini, kisha kesho yake tunakula sato wa maji yaleyale. Tuache kuiga kila tunachokiona kwenye simu. Aibu siyo kuwa na fataki chache, aibu ni mama wa watu kuchambua takataka zako kwenye dagaa wake.

Dada, polisi wanataka kibali na kila mwisho wa mwaka wanawakumbusha watu, kwa hiyo barua iende mapema, si Desemba 28. Rasimu ya mkataba ikiwa tayari nitumie niipitie. Wafadhili waking'ang'ania boti, waulize nani atalipia mitumbwi ya asubuhi, na majibu yao yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.