Binti anayejibiwa maswali na "shangazi": nilivyokosea mara ya kwanza

Mleta mada, umeuliza ufanyeje pale dada wa kazi anapoletwa kituo cha afya na mtu anayemjibia kila kitu, na unahisi huenda amesafirishwa kiharamu kuja kutumikishwa. Nakujibu kama tabibu niliyeshaliharibu hilo.

Miaka kadhaa nyuma, hapa Dar, aliletwa binti ameungua mkono kwa pasi. Kidonda cha siku nyingi, kinanuka. Kadi inasema miaka 19, kwa macho hata 15 hajafika. Mama aliyemleta anajibu kabla sijamaliza swali. Hasira zikanipanda: "Huyu mtoto umemtoa wapi?" Akasema wanakwenda kulipia dawa. Hawakurudi, na namba ya simu waliyoandikisha haikuwepo.

Siku hizi sigombani na mleta mgonjwa. Anabaki kwenye benchi, binti anakwenda kutoa mkojo wa maabara akiwa na muuguzi wa kike, na huko ndiko mazungumzo yanakofanyika. Hatuulizi "umeuzwa?" Hakuna anayejiona hivyo, wengi waliahidiwa shule au kufundishwa cherehani. Tunauliza: Unalala wapi? Mshahara unaushika mwenyewe? Ukitaka kurudi kwenu leo, nani atakuzuia? Kiswahili kikimpiga chenga, tafuta mtumishi wa lugha yake. "Shangazi" asitafsiri hata neno moja.

Kukosa simu peke yake si kesi, wadau, msije mkatuhumu mtaa mzima. Mimi nashtuka mambo yakirundikana.

Maneno yake yaandike kwenye faili kama alivyoyasema, na makovu uyapime. Kwenye kadi anayoondoka nayo usiandike tuhuma, maana msomaji wa kwanza ni bosi wake. Kisha mwite afisa ustawi wa jamii, naye atawavuta Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa mtoto, namba 116 ya msaada wa watoto haina malipo. Na ukiambiwa "alikuja kwa hiari", chini ya miaka 18 ridhaa hiyo haina uzito kwenye sheria yetu ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Mtu mzima ni habari nyingine: mpe taarifa, aamue mwenyewe.

Binti wa pili wa namna hiyo nilimlaza, kidonda chenyewe kilihitaji. Asubuhi afisa ustawi alipompa simu, namba ya mama yake aliitoa kichwani. Alikosea tarakimu mara mbili kabla haijaita.