Kabla hujaandika kisa cha mwanamke aliyebaguliwa

Dada unayejiunga na kikundi cha uandishi, uwe Arua, Bombo au Kampala, shika hili kwanza: kisa kinachoutikisa ubaguzi ni kile kinachoonyesha ulitendeka vipi. Nani alisema, mbele ya nani, karatasi gani ilitiwa sahihi, nani alibaki na ufunguo wa nyumba. Wanaoanza wengi hujaza kurasa mbili machozi matupu. Msomaji anamwonea mjane huruma lakini hajui alinyang'anywa kwa njia gani. Huruma hiyo haimfikii shemeji, wala mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aliyegonga muhuri.

Linganisha. "Mume wangu alipofariki, niliteswa sana na wakwe." Kisha: "Siku ya kuondoa matanga ukoo ulimsimika mrithi, na jioni ile ile akaniuliza hati ya kiwanja iko wapi." Sentensi ya pili ina siku, ina mtu, ina kitu kilichotakiwa. Buganda siku hiyo ni *okwabya olumbe* na mrithi huitwa *omusika*. Yaache maneno hayo kama msimulizi alivyoyasema, maana mamlaka ya ukoo yamo ndani yake.

Msimulizi aongee kwa lugha anayoota nayo, Kinubi, Kilugbara au Kiganda. Rekodi kwa simu, sikiliza mara mbili, andika kwa lugha yake, ndipo ulete Kiswahili. Mazungumzo ya saa moja yana visa vitatu au vinne. Chagua uamuzi mmoja uliobadilisha maisha yake, uandike kwa maneno 800 hadi 1,000. Ukivibana vyote pamoja, kila kimoja kinadhoofika.

Sheria nayo uijue, na uijue kwa mwaka wake. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Uganda ya 1995 kinakataza mila zinazodhalilisha utu wa mwanamke. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya urithi vilivyowabagua wanawake, na marekebisho ya 2022 yakapandisha fungu la mjane wa marehemu asiyeacha wosia kutoka asilimia 15 hadi 20. Kuhusu mahari, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba desturi ya kudai irudishwe ndoa inapovunjika inapingana na Katiba. Kwa hiyo kisa cha 2009 usikipime kwa asilimia za 2022. Weka sentensi moja ya sheria papo hapo baada ya tendo lenyewe. Ukiirundika mwanzoni, msomaji anaondoka kabla hajakutana na mama mwenyewe.

Sehemu inayoharibika zaidi ni kumficha msimulizi. Watu hubadilisha jina wakadhani wamemaliza. Kijijini jina si kitu: "mwalimu mwenye mapacha, jirani na kiwanda cha pamba" tayari anajulikana. Badilisha kazi, idadi ya watoto na mahali. Usiguse umri alioozwa, mali iliyochukuliwa wala cheo cha aliyeamua, kwa sababu hapo ndipo dhuluma ilipo. Anayelaumiwa naye usimtaje jina. Asipokuwa na hatia iliyothibitishwa, anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina.

Ridhaa iombwe mara tatu: kabla ya kurekodi, baada ya kumsomea kisa chote kwa sauti, na siku chache kabla ya kukitoa. Mama aliyekubali huku shemeji ameketi pembeni bado hajakubali. Rudi akiwa peke yake. Na kama simu yako inashikwa na watu wengi nyumbani, hamisha rekodi siku hiyo hiyo uifute humo.

Ukitaka kuona kazi za namna hii, tafuta zilizotolewa na FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa Kampala mwaka 1996, ambacho kimechapisha visa vya kweli vya wanawake wa Uganda. Visome ukiwa na kalamu, upige mstari kila palipo na siku, mtu na kitu.