Maswali ya Wasomaji: Fito, Shoka na Picha za Kirumi

SWALI: Nina nyumba ya wageni hapa Malindi. Ukumbini nimetundika chapa ya zamani niliyoinunua pamoja na samani: askari wa Kirumi, ngao, na mzigo wa fito zilizofungwa na shoka. Mgeni Mwitaliano kaniambia niishushe, eti ni alama ya Mafashisti. Ni kweli?
Msomaji, Malindi

JIBU: Inategemea ilichorwa lini. Mzigo huo ni wa Roma ya kale. Kila konsuli, yaani mtawala mkuu wa Roma, alitanguliwa na watumishi 12 wenye kuubeba begani: fito za kuchapia watu, shoka la kukatia vichwa. Ndani ya mji shoka lilichomolewa, maana raia wa Roma alikuwa na haki ya kukata rufaa asiuawe. Basi shoka kuwepo au kutokuwepo ni neno la kisiasa tayari.

Wanamapinduzi wa Ufaransa waliugeuza maana: ufito mmoja huvunjika, mzigo hauvunjiki, yaani umoja wa taifa. Mara nyingi waliweka juu yake kofia nyekundu ya uhuru kwenye ncha ya mkuki. Marekani iliutia kwenye sarafu ya senti 10 mwaka 1916. Mussolini, kiongozi wa Mafashisti wa Italia, alikuja baadaye, akaufanya nembo ya dola mwaka 1926. Mgeni wako hana kosa kushtuka, lakini chapa ya miaka ya 1790 haimhusu Mussolini.

Itoe kwenye fremu. Mulika tochi kwa ubavu: bamba la shaba huacha mbonyeo kuizunguka picha. Chini kushoto tafuta jina lenye del., ndiye aliyechora; kulia sculp., ndiye aliyechonga bamba. Ukikuta “An 2”, yaani mwaka wa 2, hesabu ni ya kalenda ya Jamhuri ya Ufaransa, iliyoanza 22 Septemba 1792, kwa hiyo ni kati ya Septemba 1793 na Septemba 1794. Ubaya ni mafundi wa fremu: hukata pambizo ili picha ienee, na mbonyeo, majina na mwaka vyote huenda na kisu. Ukitazama kwa lenzi ukaona vidoti vilivyojipanga safu safu, hiyo ni nakala ya mashine tu, na umri wa karatasi hautakwambia umri wa mchoro.

SWALI: Katika picha ya David ya wanawake wa Kisabini, mbona mashujaa wamevaa chapeo na wako uchi?
Msomaji, Lamu

JIBU: Wasabini walikuwa jirani wa Roma, na Warumi waliwateka wanawake wao wakawaoa. Wagiriki waliwachora hivyo miungu na mashujaa, na David, mchoraji Mfaransa, mwenyewe alijitetea kwa hoja hiyo alipoionyesha mwaka 1799. Uchi usikupoteze, siasa iko kwingine. Alikuwa ametoka kifungoni baada ya Robespierre, kiongozi wa mapinduzi, kuanguka, na Wafaransa walikuwa wamechoka kuuana. Ndiyo maana aliacha kisa cha wanawake kutekwa, akachagua siku walipojitupa na watoto wao kati ya waume na baba zao. Romulo, mfalme wa Warumi, ameinua mkuki, hajaurusha. Kulia kabisa, mpanda farasi anaurudisha upanga alani.