Tangazo la Klabu ya Kihawaii: Litambue Mwaka Kabla Hujalilipia

Mnazi, ukulele (gitaa dogo la Kihawaii) na shada la maua vikionekana kwenye karatasi kuukuu, muuzaji huandika "la wakati wa vita", yaani Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Usikubali upesi. Hawaiian Room ya Hotel Lexington, New York, ilifunguliwa 1937 ikafungwa 1966, hivyo jina la klabu peke yake halithibitishi mwaka.

Anza na anwani. Mei 1943 posta ya Marekani iliigawa miji mikubwa katika kanda zenye namba. Ukikuta "New York 17, N.Y.", tangazo haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Ila namba hizo zilitumika hadi 1963, kwa hiyo tafuta alama ya pili, hasa wito wa kununua hati fungani za vita. Kwenye tangazo lisilo na namba ya kanda, zikiitwa "Defense Bonds" badala ya "War Bonds", uko karibu na 1941, kwani jina lilibadilishwa 1942.

Menyu zina ushahidi mtamu zaidi: kodi. Kodi ya kumbi zenye burudani ilipandishwa hadi 30% tarehe 1 Aprili 1944, ikashushwa hadi 20% tarehe 1 Julai. Menyu inayotaja 30% ni ya miezi hiyo mitatu tu. Ukiipata safi, usiiachie.

Kwa postikadi za Curt Teich, kampuni ya uchapishaji ya Marekani, soma namba ndogo: ikianza na 3B ni 1943, na 3A ni 1933.

Kisha imulike gizani kwa taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi ikitoa mng'ao mkali wa buluu, ina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya vita, basi irudishe. Isipong'aa bado usitulie. Wapo wanaochapa nakala kwenye karatasi kuukuu. Chukua lenzi ya kukuza mara 10: chapa ya zamani ina nukta zilizopangwa kwa safu, ya printa ya wino imetawanyika kama vumbi.

Viberiti vya karatasi, vile vya kukunja, mwombe muuzaji atoe njiti kwanza, maana haziruhusiwi kutumwa kwa posta ya ndege. Anyooshe miguu ya pini inayozishikilia kwa kisu butu. Akiivuta kwa nguvu, jalada litachanika kwenye mkunjo.

Usipige laminesheni wala kubandika selotepu, kwa kuwa gundi hupenya na doa halitoki. Tumia mifuko ya poliesta; plastiki laini yenye harufu hunata kwenye wino. Vipande vya magazeti vitenge, kwani asidi yake huwaambukiza majirani rangi ya kahawia.