Umri wa kaburi la mawe la Barnenez ulijulikanaje?

Swali: Nimesoma kwamba kaburi la mawe la Barnenez, kaskazini mwa Brittany huko Ufaransa, ni kongwe kuliko piramidi za Misri. Jiwe halipimiki kwa kaboni, na mifupa inasemekana haikubaki. Umri huo ulijulikanaje, na mbona rundo lenyewe la mawe lisifumuliwe lote ili utata uishe?

Jibu: Ni kweli kwamba jiwe halipimiki kwa njia hiyo, na udongo wa Brittany una tindikali inayokula mifupa. Kilichopimwa ni makaa. Mti ukishakufa, kaboni 14 iliyomo, aina ya kaboni inayooza polepole, hupungua kwa nusu katika kila miaka 5,730 hivi, na hesabu hiyo husahihishwa kwa kulinganishwa na pete za miti ya kale. Bila masahihisho hayo, makaa ya zama hizo huonekana machanga kwa miaka mia kadhaa. Ndiyo sababu makadirio ya miaka ya 1960 yalisogezwa nyuma baadaye, na leo sehemu ya kwanza ya kaburi huwekwa karibu na mwaka 4500 KK, yaani takriban miaka 2,000 kabla ya piramidi kubwa ya Giza.

Hata hivyo, makaa peke yake ni shahidi wa kutiliwa shaka, kwani vyumba viliendelea kuingiwa kwa karne nyingi, hata jambia la shaba la zama za baadaye sana likapatikana humo, na moto huweza kuwashwa na mtu asiyehusika kabisa na ujenzi. Kwa maoni yangu, ushahidi wenye nguvu zaidi uko katika kuta zenyewe. Rundo hilo, lenye urefu wa zaidi ya mita 70 na vyumba 11, lilijengwa kwa awamu mbili: sehemu ya mashariki ina vyumba vitano na mawe yake mengi ni doleriti yenye rangi ya kijani iliyokolea, ilhali ile ya magharibi, yenye vyumba sita, ina graniti nyingi ya rangi nyepesi. Sehemu ya pili imeegemezwa kwenye ukuta wa nje wa ile ya kwanza, ambao ulikuwa umekwisha kukamilika. Kwa hiyo mfuatano wao unajulikana kabla hata ya kutaja mwaka wowote.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kuta hizo zilipangwa bila chokaa, na ushahidi ni mahali jiwe lilipolalia jingine. Ukiliondoa, umelisoma mara ya mwisho. Rundo dogo la jirani lilikwisha kusagwa karibu lote kuwa kokoto pale mkandarasi wa barabara alipolifikia hili kubwa mwaka 1955. Uharibifu ukasimamishwa, mahali hapo pakawekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1956, na mwanaakiolojia Pierre-Roland Giot akaongoza uchimbaji na ukarabati hadi mwaka 1968.

Upande uliomegwa na mashine uliachwa wazi kwa makusudi. Anayesimama mbele yake huona vyumba vilivyokatwa kama mkate, na huweza kufuata kwa macho jinsi kila safu ya mawe ilivyosogezwa ndani kidogo kuliko safu iliyo chini yake, mpaka paa likajifunga lenyewe.